Kupima muundo wa mafuta ghafi yenye nta kwa infraredi na kujifunza kwa mashine

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert nchini Uganda na yale ya Lokichar, Turkana, yana tabia moja inayomsumbua kila anayeyashika: yamejaa nta. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Ndiyo maana pia mafuta ya majaribio ya Turkana yalipelekwa Mombasa kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto, kabla ya shehena ya kwanza ya takriban mapipa 200,000 kuondoka bandarini Agosti 2019.

Anayepokea mafuta ya namna hii anataka kujua mapema yameundwa na nini. Kipimo kinachotumika zaidi ni SARA, yaani mgawanyo wa makundi manne: shibe (hidrokaboni zilizoshiba haidrojeni, nta ikiwemo), aromatiki, resini na asfaltini. Kwa kemia ya kawaida, SARA ya sampuli moja hula siku nzima au zaidi na viyeyushi vingi. Spektra ya infraredi, yaani grafu ya mwanga uliofyonzwa kwa kila namba ya wimbi (cm⁻¹), huchukua dakika moja. Mashine ikishafunzwa kuoanisha spektra na SARA, dakika hiyo moja inaweza kutosha kwa kazi za kila siku.

Sehemu ngumu ya kazi hii haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye chupa ya sampuli, kwenye vipimo rejea, na kwenye namna unavyogawa data. Mwongozo huu umekaa zaidi hapo.

Infraredi inaona nini, na haioni nini

Infraredi ya kati, kati ya 4000 na 400 cm⁻¹, hutikisa viungo vya kikemia. Katika mafuta ghafi utakutana na vilele hivi:

- 2955 na 2870 cm⁻¹: vikundi vya CH₃
- 2920 na 2850 cm⁻¹: vikundi vya CH₂, na hivi ndivyo virefu kuliko vyote
- 1600 cm⁻¹ hivi: pete za aromatiki
- 1700 cm⁻¹ hivi: kabonili, yaani asidi za asili au mafuta yaliyooksidika
- 1460 na 1377 cm⁻¹: CH₂ pamoja na CH₃, kisha CH₃ peke yake
- 1030 cm⁻¹ hivi: salfoksidi
- 870, 810 na 750 cm⁻¹: haidrojeni za kwenye pete za aromatiki
- 720 cm⁻¹: minyororo mirefu ya CH₂, alama kuu ya nta

Shibe, aromatiki na uzito mahususi hutabirika vizuri kwa sababu vinaacha alama ya moja kwa moja kwenye spektra. Resini ni za wastani. Asfaltini ni ngumu pale zinapokuwa asilimia moja au mbili tu, maana alama yake inamezwa na ya aromatiki nyingine. Nikeli na vanadi hazionekani kabisa kwa viwango vya mafuta ghafi. Modeli ikikupa vanadi yenye ulinganifu mzuri, imepata uhusiano wa bahati kati ya vanadi na asfaltini katika sampuli zako, na uhusiano huo utavunjika mafuta ya chanzo kingine yakifika.

Joto la kuganda linahitaji tahadhari ya peke yake. Vipunguza-mgando ni polima zinazotiwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi makumi hadi mamia ya sehemu katika milioni. Zinaweza kushusha joto la kuganda kwa nyuzi nyingi huku spektra ikibaki ileile, kwa hiyo usitabiri joto la kuganda la mafuta yaliyotiwa dawa. Hata kwa mafuta ambayo hayajatiwa, historia ya kupashwa na kupozwa hubadilisha kipimo bila kubadilisha muundo.

Vifaa

Utahitaji spektromita ya FTIR (kifaa cha kupima spektra ya infraredi) yenye kigunduzi cha DTGS, kile cha kawaida kisichohitaji kupozwa (MCT, kilicho nyeti zaidi, si lazima), na kiambatisho cha ATR, yaani sahani ambayo sampuli hupimwa kwa kugusa almasi, mwali ukidunda ndani yake mara moja. Sahani ya ATR iwe ya kupashwa joto hadi walau nyuzi 80. Kwa mafuta haya hilo ni sharti, na ukinunua ATR isiyopashwa joto utaishia kupima nta iliyoganda juu ya almasi. Ongeza oveni au beseni la maji moto lenye kidhibiti, mashinepewa (sentrifuji, inayotenganisha maji na mashapo kwa kuzungusha kwa kasi), mizani ya tarakimu nne, pipeti za kioo za Pasteur, na kabati la kuvuta hewa chafu. Kompyuta ya kawaida yenye Python, NumPy, SciPy na scikit-learn inatosha.

Ukiwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, adui wa kwanza wa kifaa ni unyevu wa pwani. Spektromita nyingi zina kigawa-mwali cha bromidi ya potasiamu, chumvi inayofyonza maji na kufifia. Agiza madirisha ya selenidi ya zinki kila inapowezekana, badilisha kikausha-unyevu mara tu rangi yake inapogeuka, na acha kifaa kikiwaka saa 24 kupitia UPS. Kifaa kinachozimwa kila jioni hupoa, hunywa unyevu, na asubuhi hutoa mstari wa msingi unaoyumba.

Kila asubuhi pima utando wa polistireni. Kilele chake cha 1601 cm⁻¹ kikisogea kwa zaidi ya 1 cm⁻¹, au urefu wake ukibadilika ghafla, usipime sampuli hadi sababu ijulikane.

Kuandaa sampuli

Pokea sampuli kwenye chupa za kioo cha kahawia za mililita 100, ukiacha nafasi ya asilimia 15 hivi juu, kwa sababu mafuta yatatanuka yakipashwa. Usijaze hadi shingoni.

Mafuta yenye nta yakikaa kwenye ubaridi, nta hutulia chini na kushika kuta za chupa. Ukichota juu tu, umechota mafuta mengine kabisa. Fanya hivi:

1. Weka chupa ikiwa imefungwa kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa moja. Mafuta yanayoganda juu ya nyuzi 40 yape nyuzi 70 hadi 75.
2. Itoe, igeuze juu chini polepole mara ishirini, na angalia kuta. Ukiona ukoko wowote mweupe au wa kahawia, irudishe.
3. Usitikise kwa nguvu. Ukifanya hivyo unatengeneza emalsheni ya maji na mafuta ambayo haitaachana.
4. Mashinepewa nayo ipashwe. Zungusha dakika 10 kwa nyuzi 60, kisha chota kutoka safu ya mafuta iliyo juu ya maji.
5. Pima maji kwa Karl Fischer, njia ya kikemia ya kupima maji kidogo. Kwa kazi ya spektra tunashauri yasizidi asilimia 0.5. Maji huleta mlima mpana karibu na 3400 cm⁻¹, ambao hauna madhara makubwa, na kilele cha 1640 cm⁻¹, ambacho kina madhara kwa sababu kinaegemea aromatiki za 1600.

Epuka kuongeza kivunja-emalsheni ili kuharakisha mambo. Dawa hizo ni polima zenye oksijeni, na zinaweza kuacha alama katika eneo la 1100 cm⁻¹. Ukilazimika, tia kiasi kilekile kwenye kila sampuli ya mafunzo.

Fungua chupa ndani ya kabati la kuvuta hewa tu. Mafuta yaliyopashwa hutoa benzini na, kwa baadhi ya visima, salfidi ya haidrojeni. Heptani na tolueni zote ni za kuwaka kirahisi, kwa hiyo pasha kwa umeme uliofungwa, kamwe si kwa moto wazi.

Vipimo rejea

Mashine hujifunza kutoka namba unazoipa. Zikiwa na kosa la asilimia 3, haitajifunza kukupa asilimia 1.

Kwa uzito mahususi tumia njia sanifu ya upimaji ya ASTM D5002, kwa salfa D4294, kwa asfaltini D6560, ambayo ndiyo IP 143. Katika kipimo cha asfaltini, mililita 30 za heptani huwekwa kwa kila gramu ya mafuta, huchemshwa kwa mzunguko wa mvuke kwa saa moja, hupozwa gizani, huchujwa, kisha mashapo huoshwa kwa heptani moto. Mafuta yenye nta huharibu hatua ya kuosha, kwa sababu nta hunaswa pamoja na asfaltini kwenye karatasi ya chujio, na mpimaji mwenye haraka huipima yote kama asfaltini. Osha hadi tone la heptani linalotoka likikauka juu ya kioo lisiache alama. Mafuta ya Albert yakionekana kuwa na asfaltini nyingi kuliko ulivyotarajia, rudia kuosha kabla ya kuamini.

Kutenganisha shibe, aromatiki na resini kwa safu ya udongo na jeli ya silika, yaani ASTM D2007, kumekusudiwa mafuta yanayoanza kuchemka kwenye nyuzi 260 au zaidi. Maana yake ni kwamba lazima kwanza uondoe sehemu nyepesi za mafuta ghafi. Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika kimyakimya: SARA inapimwa kwenye masalia yaliyopoteza sehemu nyepesi, lakini spektra inachukuliwa kwenye mafuta mazima. Hayo ni mafuta mawili tofauti, na modeli inalazimika kukisia sehemu nyepesi zilikuwa kiasi gani. Njia safi ni kuondoa sehemu nyepesi, kupima uzito uliobaki, kisha kuchukua spektra ya masalia hayohayo yanayopelekwa kwenye SARA. Ukitaka kutabiri uzito mahususi wa mafuta mazima, chukua spektra ya pili ya mafuta mazima na ujenge modeli ya pili.

Pima walau robo ya sampuli mara mbili, siku tofauti, bila mpimaji kujua kuwa ni sampuli ileile. Kokotoa kosa la maabara yako kwa kujumlisha miraba ya tofauti za kila jozi, kugawa kwa mara mbili ya idadi ya jozi, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Andika namba hiyo ukutani. Utairudia mara nyingi.

Mafuta mangapi?

Kiwango cha ASTM E1655 kinatoa hesabu inayofaa kushikwa. Modeli yenye vipengele fiche k (vigezo vichache ambavyo modeli hujumlishia spektra nzima), data ikiwa imetolewa wastani wake, inahitaji sampuli za mafunzo 6(k+1), na zisipungue 24. Kwa k ya 5 hiyo ni sampuli 36. Za uthibitisho zisipungue 20, na k ikizidi 5 ziwe 4k. Hayo ni mafuta tofauti. Matone ya chupa moja hayaongezi hesabu.

Upana wa namba ni muhimu kuliko wingi. Mafuta ya Albert yana salfa kidogo na yanafanana sana. Ukifunza modeli ya salfa kwa hayo peke yake, tofauti kati ya sampuli itakuwa ndogo kuliko kosa la kipimo, na hakuna hesabu itakayookoa hilo. Tafuta mafuta ya vyanzo vingine ili ncha zote mbili zijae.

Unaweza pia kuchanganya mafuta mawili kwa uzito, mathalani 25:75, 50:50 na 75:25. Inasaidia kujaza mapengo, ila kwa masharti mawili. Mchanganyiko si mafuta mapya, kwa hiyo wakati wa kugawa data lazima ukae kundi moja na wazazi wake. Pili, mafuta yenye asfaltini yakichanganywa na yenye nta nyingi, asfaltini zinaweza kuanguka. Weka tone chini ya hadubini, na ukiona chembe nyeusi, tupa mchanganyiko huo.

Kuchukua spektra

Weka sahani ya ATR kwenye nyuzi 60 na uiache itulie kwa dakika 30. Chukua spektra ya usuli (ya almasi tupu) ikiwa sahani iko kwenye joto hilohilo, kwa sababu almasi yenyewe hubadilika na joto. Usuli wa baridi na sampuli ya moto hutoa mstari wa msingi uliopinda.

Pipeti ya kioo nayo ipashwe ndani ya oveni, la sivyo nta itaganda kwenye ncha yake na kinachodondoka kitakuwa mafuta yaliyopungukiwa nta. Dondosha mikrolita 30 hadi 50, hakikisha tone limefunika almasi yote, funika kwa kifuniko cha vimiminika tete, na uanze kupima ndani ya sekunde 30. Mafuta mazima juu ya sahani ya moto hupoteza sehemu nyepesi haraka. Ukipima tone lilelile mara tatu mfululizo utaiona shibe ikisogea kwa sababu ya upotevu huo tu. Vipimo vitatu vya sampuli moja viwe vya matone matatu mapya.

Mipangilio: azimio la 4 cm⁻¹, mipigo 32 au 64, kutoka 4000 hadi 650 cm⁻¹. Usuli mpya kabla ya kila sampuli, au walau kila dakika 15.

Inafaa kuelewa kwa nini almasi ni nyeti hivi. Mwali haupiti ndani ya tone, bali hudunda ndani ya almasi na kuchungulia tu upande wa pili. Kwa almasi yenye fahirisi ya kupinda mwanga ya 2.4, mafuta ya 1.48 na pembe ya nyuzi 45, kina cha kuchungulia ni takriban 0.19 ya urefu wa wimbi. Hiyo ni mikromita 1.9 kwenye 1000 cm⁻¹, na mikromita 0.66 tu kwenye 2920. Unachopima ni ngozi nyembamba ya mafuta iliyogusa almasi. Kama nta imeganda hapo, umepima nta. Kama mchanga umetulia hapo, umepima mchanga.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Anza na tolueni kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, mara mbili, sahani ikiwa ya moto. Kisha heptani. Kisha subiri ikauke. Ukianza na heptani, asfaltini zitaanguka na kuacha utando mweusi juu ya almasi. Ukianza na pombe, nta itaganda. Baada ya kusafisha pima almasi tupu, na kilele cha 2920 kisizidi ufyonzaji wa 0.002. Kikizidi, safisha tena, maana sampuli inayofuata itarithi mabaki ya iliyotangulia.

Changanya mpangilio wa sampuli. Ukipima mafuta yote ya Turkana Jumatatu yenye mvua na ya Albert Jumanne kavu, modeli itajifunza kutambua mvuke wa maji hewani, na utadhani imejifunza mafuta.

Angalia kwa macho kwanza

Kabla ya hesabu yoyote, panga spektra zote kwenye grafu moja na uzikague. Alama nne zinafaa kutafutwa.

Kilele cha 720 kikigawanyika kuwa 720 na 730, nta iko katika hali ya fuwele, yaani sahani imepoa au pipeti ilikuwa baridi. Rudia kipimo.

Ukiona kilele kipana karibu na 1030, usiseme salfoksidi upesi. Udongo wa kaolini na mchanga wa kisima hufyonza hapohapo. Tazama eneo la 3700 hadi 3600, maana kaolini huonyesha vilele vidogo vikali karibu na 3690 na 3620. Vikiwepo, zungusha sampuli tena kwenye mashinepewa.

Meno madogo mengi kati ya 1900 na 1400 ni mvuke wa maji hewani: usuli umezeeka.

Kilele cha 1700 kinachokua kati ya kipimo cha kwanza na cha mwezi uliofuata kwa chupa ileile kinaonyesha mafuta yameoksidika. Hifadhi sampuli gizani, kwenye nyuzi 4, zikiwa na naitrojeni juu yake.

Kuandaa data na kufunza

Almasi yenyewe hufyonza sana kati ya 2300 na 1900 cm⁻¹, na kaboni dioksidi iko karibu 2350. Eneo hilo halina habari ya mafuta. Bakiza 3100–2750 na 1800–650 tu.

Derivativu ya Savitzky–Golay, yaani mteremko wa spektra uliolainishwa, huondoa mteremko wa mstari wa msingi. Tumia polinomia ya daraja la 2. Pointi zikiwa kila 2 cm⁻¹ hivi, dirisha la pointi 11 hadi 15 linafaa. Likizidi hapo linafuta vilele vyembamba vya 750 na 720. Kokotoa derivativu kwenye spektra nzima kwanza, ndipo ukate maeneo. Ukikata kwanza na kuunganisha vipande, utatengeneza ngazi ya uongo kwenye kiungo. Mwisho, sawazisha kila spektra kwa wastani na mtawanyiko wake yenyewe, jambo linalopunguza tofauti za tone kugusa almasi vizuri au vibaya.

Anza na PLS, njia ya kukokotoa inayobana spektra kuwa vipengele fiche vichache na kuvioanisha na vipimo rejea. Kwa sampuli makumi kadhaa haina mpinzani wa maana, na inakuonyesha inatumia vilele gani.

```
import numpy as np
from scipy.signal import savgol_filter
from sklearn.cross_decomposition import PLSRegression
from sklearn.model_selection import GroupKFold, cross_val_predict

# X: spektra, safu moja kwa kila tone
# namba: namba za wimbi, y: shibe, asilimia ya uzito
# familia: jina la familia ya mafuta kwa kila safu

def andaa(X, namba):
    D = savgol_filter(X, window_length=13, polyorder=2, deriv=1, axis=1)
    bakiza = ((namba > 2750) & (namba < 3100)) | ((namba > 650) & (namba < 1800))
    D = D[:, bakiza]
    return (D - D.mean(axis=1, keepdims=True)) / D.std(axis=1, keepdims=True)

Z = andaa(X, namba)
for k in range(1, 11):
    m = PLSRegression(n_components=k, scale=False)
    t = cross_val_predict(m, Z, y, groups=familia, cv=GroupKFold(n_splits=6))
    print(k, np.sqrt(np.mean((y - np.ravel(t)) ** 2)))
```

Mstari wenye `GroupKFold` ndio moyo wa msimbo huu. Matone matatu ya mafuta yaleyale yakigawanyika, mawili kwenye mafunzo na moja kwenye majaribio, modeli inakariri mafuta na kupata alama za juu bila kujua chochote. Familia moja, yaani mafuta mama, matone yake yote na michanganyiko yake yote, ikae upande mmoja. Matokeo yenye ulinganifu wa 0.99 kutoka sampuli 30 mara nyingi yana kosa hili ndani yake.

Chagua k pale kosa linapoacha kushuka kwa maana, hata kama k inayofuata inashusha kidogo zaidi. Kisha chora koefisienti dhidi ya namba za wimbi. Modeli ya shibe iegemee 2920, 2850 na 720, na 1600 iwe kinyume. Modeli ya asfaltini ikiegemea 1700, inasoma uzee wa sampuli. Modeli inayoegemea eneo lisilo na kilele chochote inasoma kelele.

Mashine ya vekta-tegemezi (SVM, njia inayoweza kufuata uhusiano uliopinda) inastahili kujaribiwa ukiona mabaki ya PLS yanapinda dhidi ya thamani halisi. Msitu wa nasibu ni mwepesi kutumia, lakini hauwezi kutabiri nje ya namba ulizoufunza: mafuta yenye shibe nyingi kuliko yote uliyowahi kuyapima yatapewa thamani iliyo ndani ya zile za zamani. Mitandao ya neva yenye tabaka nyingi iache hadi uwe na mamia ya mafuta tofauti.

Sampuli 20 za uthibitisho zitengwe tangu mwanzo na ziguswe mara moja tu, mwishoni. Ukizitumia kuchagua k au dirisha la derivativu, zimeshakuwa za mafunzo.

Sasa rudi kwenye namba uliyoandika ukutani. Ikiwa kosa la maabara yako kwa shibe ni asilimia 1.5 na modeli inadai 0.5, usishangilie, tafuta mahali data ilipovuja. Ikidai kati ya 1.5 na 2.5, ni modeli ya kutumia. Gawa pia mtawanyiko wa thamani halisi kwa kosa la utabiri. Chini ya 2 haifai zaidi ya kutenganisha kubwa na ndogo, na kuanzia 3 inafaa kwa kazi ya kila siku.

Kipimo kingine kinachopatikana bure ni kutabiri makundi manne kwa modeli nne tofauti na kujumlisha. Jumla ikiwa 100 haithibitishi kuwa kila moja ni sahihi, lakini ikiwa 93 au 108, sampuli hiyo ina shida.

Kuitumia kila siku

Kila spektra mpya ipite mlango wa ukaguzi kabla ya kutabiriwa. Kokotoa T² ya Hotelling, inayosema sampuli iko mbali kiasi gani na katikati ya mafunzo, na mabaki ya Q, yanayosema ni kiasi gani cha spektra modeli haikielewi. Weka mpaka wa asilimia 95. T² ikivuka peke yake, mafuta ni ya aina inayojulikana ila yako ukingoni, kwa hiyo ripoti pamoja na onyo. Q ikivuka, kuna kitu kipya ndani yake: dawa, maji, matope ya kuchimbia au mafuta ya kisima kingine. Usitoe namba. Peleka sampuli kwenye kemia ya kawaida, na matokeo yake yaongezwe kwenye mafunzo.

Gawa lita moja ya mafuta ghafi thabiti katika chupa ndogo za mililita 10, zifungwe na naitrojeni, na kila asubuhi fungua moja, itabiri, na uiweke kwenye chati ya udhibiti. Iliyofunguliwa haitumiki kesho. Pima pia mafuta meupe ya madini, ambayo hayaoksidiki kirahisi. Yote mawili yakisogea pamoja, tatizo ni kifaa. Mafuta ghafi yakisogea peke yake, chupa zako zimezeeka.

Ukibadilisha almasi, chanzo cha mwali au kigunduzi, pima upya sampuli 8 hadi 10 za zamani zilizosambaa kwenye upana wote. Kama tofauti ni ya kiasi kimoja kwa zote, irekebishe kwa kuitoa kwenye utabiri. Kama inakua kadiri thamani inavyokua, funza upya kwa spektra za kifaa kipya zikiwa ndani ya mafunzo.

Katika ripoti andika thamani, kosa la utabiri, toleo la modeli, hali ya T² na Q, na kama kipimo ni cha mafuta mazima au cha masalia. Neno hilo la mwisho likikosekana, atakayelinganisha SARA yako na ya maabara nyingine atafikiri mafuta yamebadilika njiani.